Watoto Niliowaandika Kijani

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa na urefu wa rula moja na upana wa kidole. Nililitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, kwa mkasi na kalamu za wino, nikalikunja vizuri na kulitia kwenye mfuko wa shati, na kwa nusu muhula mzima nikatembea nalo kama mtu aliyebeba ukweli. Mlioniomba niandike juu ya miaka yangu ya kazi najua mlitaka nianze na siku niliyoajiriwa. Siku hiyo haikuwa na lolote. Nilionyeshwa meza, nikaonyeshwa choo, nikaambiwa mlango wa choo haufungi vizuri. Kosa ndilo lililonifundisha kazi, kwa hiyo naanza nalo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Ofisi ya mpango wa uji wa shule ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Kariokor, na upande wa pili wa ukuta walikaa mafundi wa akala, viatu vya matairi makuukuu. Kutwa nzima tulisikia nyundo zao zikipiga matairi. Kazi yetu ilielezeka kwa sentensi moja: kupima watoto wa shule za msingi za Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, ili unga mchache uliokuwepo upelekwe pale penye njaa zaidi. Anayepima ndiye anayeamua nani anywe uji wa saa nne na nani asinywe. Hakuna aliyeniambia hivyo siku ile. Niliambiwa mimi ni karani wa vipimo.

Sikuwa nimesomea lishe. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, umri wa miaka ishirini na miwili, na hofu ya kukosea iliyonifanya niandike barua moja mara tatu ili isiwe na mahali palipofutwa. Nilichonga ncha za penseli zangu zote kila asubuhi, hata zile ambazo sikuzitumia jana. Nilikaa Makongeni kwa mjomba wangu, seremala wa reli, na jioni alinitazama nikinyoosha karatasi kwa pasi akatikisa kichwa. Nawaambia haya kwa sababu wengi wenu mko hivyo hivyo. Nawaona. Mnadhani unadhifu ni ukweli. Mimi nilidhani hivyo, na watoto wakakosa uji.

Muuguzi mmoja aliyehama alikuwa ameacha kijitabu cha kupima afya ya watoto. Nilikisoma peke yangu, na kamusi pembeni. Sura ya kwanza ilihusu watoto wachanga na wale wasioanza shule, na mwisho wa sura hiyo palikuwa na mchoro wa utepe wa rangi tatu wa kuzungushia mkono wa mtoto, kati ya bega na kiwiko. Ukiishia kwenye nyekundu, mtoto yuko hatarini. Ukiishia kwenye njano, anakaribia. Ukiishia kwenye kijani, yuko salama. Niliupenda mchoro ule. Sikupenda maelezo marefu yaliyoutangulia, maana yalizungumza juu ya watoto wachanga, na mimi kazi yangu ilikuwa ya shule. Nikayaruka. Nilikwenda hospitalini kuomba picha za eksirei zilizotupwa, nikaziloweka katika maji ya dawa ya kufulia mpaka mbavu za mgonjwa nisiyemjua zikafutika, nikakata utepe, nikapima mara nne, nikapaka rangi. Ulikuwa utepe mzuri kuliko wa kwenye kitabu.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa kando ya Barabara ya Jogoo. Jina lake naliacha. Watoto wengi walikuwa wa vibarua wa viwandani, wachuuzi na watu wa reli. Wengine kwao Magharibi, wengine Murang'a na Nyeri, na wote walizungumza ile lugha yao ya mtaani ambayo walimu waliichapia viboko bila mafanikio. Walinipa jina saa ile ile ya kwanza. Mtu anayepita akizungushia watu utepe mikononi, wakaona huyu ni nani kama si mshonaji nguo.

"Niaje, Fundi. Suti yangu itakuwa tayari lini?" akaniuliza mtoto wa kwanza kwenye foleni.

"Mshonee na koti," akasema wa pili. "Kwao kuna baridi."

Nilijaribu kukasirika nikashindwa. Nikaitwa Fundi shuleni hapo hadi mwisho.

Katika darasa la pili kulikuwa na msichana aliyeitwa Nafula. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake kwa mwaka mmoja. Enzi zile cheti cha kuzaliwa kilikuwa nadra, na mwalimu aliyetaka kujua kama mtoto amefika umri wa kuanza shule alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mwaka wa kwanza mkono wa Nafula haukufika, akarudishwa nyumbani. Mwaka uliofuata ulifika kwa shida. Aliyeniambia habari hiyo aliisimulia kama kichekesho, na mimi nikacheka. Baadaye tu ndipo nilipofikiria kwa nini mkono wa mtoto wa miaka saba uwe mfupi.

Nilizungusha utepe kwenye mkono wake. Ngozi ilikuwa kavu, mkono mwembamba kama mpini wa mwiko, lakini utepe ukapita nyekundu, ukapita njano, ukaishia kwenye kijani.

"Yangu ni rangi gani?" akauliza.

"Kijani."

"Kijani ni nzuri?"

"Ndiyo nzuri kuliko zote," nikamwambia.

Akageuka akawatangazia waliokuwa nyuma yake kwamba yeye ni kijani. Nao wakawa kijani. Shule nzima ilikuwa kijani, isipokuwa watoto wawili wadogo wa darasa la kwanza. Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize. Mimi nilifurahi jinsi safu zilivyopendeza.

Ripoti niliiandika kwa wino wa buluu, mistari kwa wino mwekundu. Msimamizi wetu, Bwana Kimondo, aliisimamisha mezani kwake ikiegemea kopo la kalamu, akawaita makarani wengine waje waone kazi inavyofanywa. Nakala ikapelekwa juu. Baada ya wiki mbili mwalimu mkuu akapata barua: kwa kuwa vipimo vimeonyesha watoto wa shule yake wana afya njema, unga utahamishiwa shule nyingine yenye mahitaji. Mwisho wa mwezi uji ukakatika.

Nilikwenda siku ile ya mwisho kuchukua magunia matupu. Mpishi wa shule alikuwa Mama Ciku, mama wa kwao Murang'a, mpana, mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimemwona mara nyingi na sikuwa nimemwuliza chochote, kwa sababu hakuwa kwenye fomu. Nilimkuta akisugua sufuria kubwa kwa majivu. Alilisuuza, akalifunika juu chini kwenye mawe ya jiko lake, ndipo akaniangalia.

"Karani, ni wewe umesema hawa watoto wameshiba?"

"Vipimo ndivyo vinavyosema, Mama Ciku."

"Hivyo vipimo vilikunywa uji na nani?"

Akaniuliza nilipima siku gani. Nikasema Alhamisi. Akacheka kidogo, bila furaha. Akanieleza, kama unavyomweleza mtu aliyeingia jikoni mara ya kwanza, kwamba njaa ya mtoto wa shule hupimwa Jumatatu. Ijumaa saa nne ndiyo mara ya mwisho wengine kuweka kitu tumboni chenye uzito, na Jumatatu unawajua kwa jinsi wanavyofika kabla ya mwenye funguo za lango. Yeye alikuwa na kipimo chake. Aliangalia nani anaramba kikombe, nani anaomba ukoko, nani anashika kikombe kwa mikono miwili muda mrefu kabla ya kunywa.

"Jumatatu saa saba kasoro robo njoo hapa langoni," akasema. "Hicho kitepe chako kiache nyumbani. Uje na macho tu."

Nilikwenda. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia watoto walitoka mbio, wakipigiana kelele kwamba wanaenda kudishi, yaani kula. Enzi zile hakukuwa na chakula shuleni mchana. Kila mtoto alienda kula kwao. Kwenye karatasi zetu kulikuwa na swali, "Mtoto hula wapi mchana?" na karibu wote walijibu, "Nyumbani." Nililiandika jibu hilo mamia ya mara kwa mwandiko mzuri.

Walipoanza kurudi, Mama Ciku alisimama kando yangu akaniambia niangalie midomo. Niliangalia. Baadhi walikuwa na midomo mikavu, kipande cha sukuma wiki katikati ya meno. Wengine midomo yao ilikuwa inang'aa. Nikasema, hawa wanaong'aa ndio waliokula vizuri.

"Aliyekula ugali na mboga atang'aa na nini?" akauliza. "Hao wamejipaka mafuta ya kupikia. Kidole kimoja kwenye kopo la mama, ama hubeba kidogo kwenye karatasi. Wanajipaka wakikaribia lango, ili mwenzake asimcheke na mwalimu asimwulize."

Nimefanya kazi miaka mingi, nimeona mengi katika mitaa hii, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Mtoto wa miaka minane ameenda kuzunguka mtaa kwa saa nzima, tumbo tupu, kisha anajipaka mafuta midomoni ili kutulinda sisi watu wazima tusijue. Tukalindwa vizuri sana. Hata tukaandika ripoti.

Nilipita lango nikafuata wachache waliokuwa bado kwenye bomba la maji nyuma ya nyumba za reli. Nafula alikuwa ameinama anakunywa. Alikunywa muda mrefu, akapumzika, akainama tena. Aliponiona akafuta mdomo haraka, kisha akakumbuka mafuta, akaacha kufuta.

Nikamwuliza kama amekula. Akasema amekula ugali. Msichana aliyekuwa naye akamcheka na kumwambia mathe wake, mama yake, hata jiko hakuwasha, walitoka hapo wakaja bombani moja kwa moja. Nafula hakubishana naye. Alinigeukia mimi, amenyooka, kama mtu anayemwonyesha askari kitambulisho.

"Lakini Fundi, si ulisema mimi ni kijani?"

Nilirudi ofisini kwa miguu hadi Kariokor. Alasiri ile, nyundo za mafundi wa akala zikilia ukutani, nilifungua kijitabu kwenye yale maelezo niliyoyaruka. Sentensi haikuwa imefichwa. Haikuwa kwa herufi ndogo. Ilisema utepe huo ni wa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano tu, kwa kuwa umri huo mkono haubadiliki sana unene; mtoto akizidi hapo, mkono hunenepa kwa kukua, hata wa mtoto mwenye njaa. Kwa utepe wangu, mtoto wa darasa la pili angelazimika kuwa karibu na kufa ndipo awe njano.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikitamani kupita bila kusimama. Mnafikiri niliondoka hapo nikaenda kwa Bwana Kimondo. Sikwenda. Nilikifunga kijitabu, nikakaa na siri hiyo wiki tatu. Ripoti yangu ilikuwa bado imesimama pale kwenye kopo la kalamu. Makarani wapya walikuwa wanaonyeshwa. Nilijiambia nitahakikisha kwanza, nisije nikakosea mara ya pili. Mtu mwoga wa makosa hakosi sababu nzuri ya kuendelea na lile alilokwisha fanya. Katika wiki hizo nilipita shuleni mara moja, nikisingizia kuhesabu vikombe. Kupitia dirishani nilimwona Nafula akichapwa kwa kulala darasani. Alinyoosha mkono, ule ule mkono. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na darasa kubwa, na alikuwa ameambiwa na ofisi yetu, kwa barua, kwamba watoto wake wana afya njema. Kama wana afya njema basi ni wavivu. Niliondoka bila kuhesabu vikombe.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mjomba. Alikuwa anapiga randa ubao uani, nami nikamweleza yote nikiangalia chini. Hakunifariji, na hadi leo namshukuru.

"Mbao ukiikata fupi," akasema, "huirefushi kwa kuipaka rangi. Kata nyingine."

Kisha akaniuliza kitabu kinasema watoto wakubwa hupimwa na nini. Nikamwambia urefu na uzito, pamoja na umri. Jumamosi hiyo alinitengenezea ubao wa kupimia urefu kutoka kwa mbao za behewa kuukuu alizopewa kazini, wenye kitako cha kusimamia na kipande kinachoteleza hadi utosini. Ubao huo nimeutumia hadi nilipostaafu. Upo kabatini, nyuma ya mabango. Msiutupe.

Jumatatu nikaingia kwa Bwana Kimondo, nikamwambia ripoti yangu ina makosa. Akaichukua mezani, akaigeuza mbele na nyuma.

"Wapi?" akauliza. "Sioni hata mahali palipofutwa."

Nikamwonyesha ile sentensi kitabuni. Akaisoma polepole. Alikuwa mtu mwerevu, alielewa mara moja, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Angekuwa mjinga ningemsamehe mapema. Alisema ripoti imekwisha kwenda juu. Unga umekwisha kuhamishwa. Wageni wameonyeshwa safu zangu wakazisifu. Nikipeleka sasa karatasi chafu, yeye atasema nini juu ya ile safi? Halafu akaniuliza kama kuna mtoto yeyote aliyelalamika.

Nilimwambia watoto hawalalamiki, wanajipaka mafuta. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeanza kuumwa malaria.

Basi mimi na Mama Ciku tukapima upya bila ruhusa yake. Mwalimu mkuu alikubali tupime saa ya mchana, kwa wale waliobaki, na kufikia siku ya tatu wengi walikuwa wamebaki. Kumbe ukimpa mtoto sababu ya kutokwenda nyumbani, anakaa. Mizani niliazima zahanati. Nawaachia hapa machache ya kazi, maana nimeona baadhi yenu mnayasahau. Mizani ijaribuni kila asubuhi kwa kitu mnachojua uzito wake. Mimi nilibeba pakiti ya unga ya kilo mbili, na mara mbili ilinionyesha kwamba mizani inadanganya. Viatu vitoke. Visigino, matako na mabega viguse ubao. Mifuko imwagwe, kwa sababu mvulana wa Eastlands anatembea na gololi za nusu kilo. Umri usiuandike kwa kubahatisha. Mwulize mama, na kama mama hajui mwaka, mwulize mtoto alizaliwa akimfuata nani na kabla ya nani. Na mtoto akikuuliza matokeo, usimpe rangi. Mwambie asante.

Mama Ciku alikaa kwenye kiti kando yangu siku zote hizo, ingawa hakuwa na uji wa kupika tena. Aliuza mboga asubuhi, mchana akaja. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini hakukuwa na mtoto aliyepita asimjue kwa tumbo lake. Nilichora safu moja zaidi kwenye karatasi, mwishoni, nikaandika aliyosema neno kwa neno. Huyu huramba kikombe. Huyu anakula vizuri, babake ni mwokaji mikate. Huyu Jumatatu huja wa kwanza. Huyu midomo. Jioni, nilipolinganisha namba zangu na majedwali ya kitabu, wale walioangukia chini walikuwa karibu wote ni wale aliokwisha kuwataja yeye. Alikuwa na jibu tangu mwanzo, mita kumi kutoka mahali niliposimama na utepe wangu.

Karatasi ile haikuwa safi. Ilikuwa na madoa, mistari iliyofutwa, alama ya kidole chenye mafuta. Ilinitoa jasho kuipeleka hivyo. Tulikwenda pamoja Kariokor, Mama Ciku amevaa kitambaa chake cha kanisani. Bwana Kimondo alimpa kiti, akamwita mama, akaanza kumweleza taratibu za ofisi. Mama Ciku alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mimi sikusoma, mwanangu," akasema. "Nisomee hapo kwa Nafula."

Akasoma. Urefu, uzito, umri. Kisha safu ya mwisho: "Hushika kikombe kwa mikono miwili. Jumatatu huja wa kwanza. Midomo."

"Sasa nisomee kwenye ile nzuri."

Ilimchukua muda kuutafuta mstari. "Kijani," akasoma.

"Hapo ni nani amemwona mtoto?"

Nyundo zilikuwa zinalia ukutani. Bwana Kimondo alisema ataona la kufanya. Nilidhani ni maneno ya kututoa mlangoni. Haikuwa hivyo; alizipeleka karatasi zetu zilivyo, na madoa yake. Lakini ofisi huenda kwa mwendo wake, na tumbo la mtoto halina mwendo huo. Uji ulirudi muhula wa tatu, ilhali ulikatika muhula wa kwanza. Siku ya kwanza Mama Ciku alipindua lile sufuria, akachanganya unga na maji baridi kwanza kama alivyofanya siku zote ili usishike mabonge, na foleni ikafika hadi langoni.

Nafula hakuwemo kwenye foleni. Mitihani ya muhula wa pili alishindwa, na wazazi wake wakampeleka ushago, kijijini kwa nyanya yake, ambako walisema angalau kuna shamba. Kwenye daftari la shule kulikuwa na neno moja mbele ya jina lake: "Amehama." Mstari wake kwenye karatasi yetu ndio uliosomwa ofisini, na ndio uliorudisha uji ambao hakuunywa. Sijui alikula nini huko alikokwenda. Nimewahi kuulizia, sikupata jibu, na sitawaandikia jibu la kubuni ili nilale vizuri.

Miaka iliyofuata nilifanya makosa mengine, madogo kuliko hilo lakini ya ukoo mmoja. Nilisimama mbele ya akina mama na bango lenye picha ya yai, samaki, papai na bilauri ya maziwa, nikawafundisha makundi ya chakula. Mama mmoja wa Kaloleni aliniuliza, kwa heshima zote, kama bango hilo naweza kumwachia, maana ndilo litakuwa yai la kwanza kuingia nyumbani kwake wiki hiyo. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Tangu hapo nilianza na kilichomo sufuriani: maharagwe kidogo ndani ya mahindi, sukuma isiyochemshwa mpaka ife, omena, wale dagaa wa ziwani, wakipatikana, na chai ya rangi isihesabiwe kuwa chakula.

Maziwa ya shule yalipoanza kuja, palikuwa na waliosema sasa njaa imekwisha, vipimo havina kazi tena. Niliwauliza kama wamesimama langoni mchana. Na mwishoni mwa miaka ya themanini, nyumba za Komarock zilipojengwa, nilikutana na kinyume chake: mtoto mwenye hela ya chakula mfukoni, mchana wake ni chipsi na barafu za rangi, meno yameoza na damu imepungua. Ofisi ilitaka kumwandika ameshiba, kwa sababu mama yake ana kazi nzuri. Nilipigana vita ile ile kwa maneno mengine. Wanaothubutu kupeleka ripoti chafu ni wachache duniani. Wenye ripoti safi ni wengi, na watoto ndio hulipa.

Kama nimeandika kwa hasira mnisamehe, au msinisamehe, ni sawa tu. Wale watoto hawakuwahi kuruhusiwa kukasirika. Hasira hii ilikuwa yao, nami nimeitunza. Sehemu kubwa yake inanihusu mimi.

Mama Ciku alifariki akiwa mzee, na kwenye mazishi yake nilikutana na watu wazima wengi waliojitambulisha kwangu kwa darasa walilokuwamo na kwa aina ya kikombe walichobeba. Mmoja aliniita Fundi, akaniuliza suti yake.

Kilichobadilika ni hiki. Utepe wa rangi tatu hauingii tena shule ya msingi. Hakuna anayepima siku nyingine ila Jumatatu. Karani mpya hukaa wiki moja jikoni kabla ya kupewa mizani. Na fomu ya shule haipokelewi ofisini bila umri wa mtoto juu na sahihi ya mpishi chini. Kwa mpishi asiyejua kuandika, pana nafasi ya dole gumba.